Naomba ushauri: kuwasimulia watoto ngano za watu wa mataifa mengine bila kuzipotezea ladha

MamaWawili_Dodoma

Wanajukwaa, habari za jioni. Kwangu watoto wa majirani hukusanyika kila Jumamosi baada ya magharibi, nami huwasimulia ngano za Sungura na Fisi nilizorithi kwa bibi. Wazazi wao wametoka Kigoma, Unguja na Bujumbura, na familia moja ina asili ya Gujarat, kwa hiyo nimeona ni vyema watoto wasikie pia hadithi za watu wengine, wa karibu na wa mbali. Nimekwama mahali pawili. Kwanza, hadithi ninazozipata vitabuni zimefupishwa mno na kila moja imefungwa kwa funzo, hata Anansi, buibui mjanja wa Ghana, na mbweha wa India wanazungumza kwa sauti moja. Pili, mzazi mmoja amenieleza kwa upole kwamba hapendi mwanawe asikie habari za miungu ya watu wengine. Wadogo wana miaka 5, wakubwa 11. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, usianze na mataifa. Anza na hadithi moja iliyosafiri. Ipo ile ya kima na papa, iliyochapishwa mwaka 1870 na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, miongoni mwa hadithi alizozikusanya Unguja. Kima anakaa juu ya mkuyu uliotanda hadi baharini, anamtupia papa matunda, urafiki unakolea, kisha papa anamwalika kwao. Wamekwisha kufika katikati ya maji ndipo papa anapotoboa kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamlaumu kwa kutosema mapema, kwa maana kima wanapotembea huiacha mioyo yao mitini.

Simulia hiyo kwanza. Jumamosi ifuatayo simulia ya India, iliyomo katika Panchatantra, mkusanyiko wa kale wa ngano za wanyama, na katika Jataka, hadithi za Wabudha kuhusu maisha ya awali ya Buddha, ambamo aliye majini ni mamba na anayeutamani moyo ni mkewe. Katika Kalila na Dimna, kitabu cha ngano za wanyama kilichotafsiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, ni kobe. Ukifika Korea, mgonjwa ni mfalme wa bahari, anayetakiwa ni sungura, na kinachotakiwa ni ini. Japani wao humtuma yavuyavu, ambaye kwa kuiharibu kazi alipigwa hata akabaki hana mfupa, na ndiyo maana yuko laini mpaka leo. Wakubwa watayaona wenyewe yaliyobadilika, nawe usiwaeleze. Waache wabishane ni nani mwenye hatia zaidi, papa aliyetumwa na sultani mgonjwa au mamba aliyetumwa na mke mwenye uchu. Funzo la mwisho wa kitabu liruke tu.

Bin_Mkunazini

Namuunga mkono Mwalimu, ila kuna kipande ambacho msimulizi mwenye haraka hukikata, na ladha imo humo. Kima akishapanda mtini, papa anamwita warudi safarini, naye anamjibu kwa hadithi nyingine, ya punda wa dobi. Punda yule aliponea chupuchupu makucha ya simba, kisha sungura akambembeleza hata akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri, na simba alipoviuliza akaambiwa kwamba punda yule hakuwa navyo kabisa, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Papa aambiwe hivyo usoni! Dada, ukiitoa hadithi hiyo ya ndani umebaki na mifupa.

Nyuki wa Tabora

Ninatofautiana kidogo na wakubwa zangu. Mtoto wa miaka 5 hatavumilia Jumamosi nne za kima yuleyule, hata umbadilishe sungura. Huyo anataka kuitikia na kuimba. Wasimulizi wa Haiti hufungua kwa kuita "Krik?" na hadhira hujibu "Krak!", na mtoto aliyezoea "Paukwa, Pakawa" atalishika hilo papo hapo. Nyimbo zilizomo ndani ya ngano usizitafsiri. Mama wa Bujumbura aje awafundishe kiitikio cha Kirundi kama kilivyo.

Ummu_Twahir, Mombasa

Mzazi yule asipuuzwe, kwani ana hoja ambayo huenda hakuieleza vizuri. Habari za Rama na mkewe Sita, wa utenzi wa kale wa Ramayana, kwa Wahindu ni dini, si ngano ya kuchekea jioni, na kuziweka kapu moja na Sungura na Fisi ni kuwavunjia heshima wao na yeye pia. Hizo waachie wenyewe. Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, nao husimulia hadithi za Coyote, mnyama mjanja afananaye na mbweha, majira ya baridi tu, kwa hiyo kabla ya kuichukua hadithi ya mtu ni adabu kujua wenyewe huisimulia lini, na kwa nani. Ngano za wanyama na za wajanja zinatosha kukufikisha mbali bila kumkwaza yeyote. Bibi wa ile familia ya Gujarat, kama yupo, mkaribishe kwa chai na umwombe achague mwenyewe.

MamaWawili_Dodoma

Nimeshukuru sana nyote. Bibi yupo, na nitamfuata kesho. Nitaanza na kima wa Unguja pamoja na punda wake, na wadogo nitawapa sehemu za kuitikia. Limebaki moja: ngano nyingi za kwetu zina zimwi, na mwanangu mdogo hulia usiku. Je, nilipunguze makali?

Mwalimu Mstaafu

Usilipunguze, maana zimwi lisilotisha haliwapi wakubwa sababu ya kukaa kimya. Lisimulie mwanzoni, mwanga ungalipo na mdogo akiwa pajani mwako, na umhakikishie mapema kwamba litashindwa. Kisha maliza na Abunuwasi aliyemrudishia jirani sufuria pamoja na kisufuria, akidai kwamba limezaa, na siku ya pili akamletea habari za msiba wa sufuria. Waturuki humsimulia Nasreddin, mjanja wao, kisa hichohicho, nacho hakijapata kumkosesha mtoto usingizi.