Samaki Waliogeuka Maua: Gumzo la Nyumba ya Chumbageni, Tanga

Jumamosi, saa nane mchana

Da' Mdogo (Tokyo): Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Bibi, shikamoo Mama, shikamoo Shangazi na Mjomba. Naandika kwa kompyuta. Msinipigie, simu imezimwa. Imeingia maji.

Mama: Wa alaykum salaam. Marahaba mwanangu. Maji gani tena, mvua?

Da' Mdogo (Tokyo): Si mvua Mama. Nilikuwa ndani ya picha.

Kaka Mkubwa: Ndani ya picha?

Da' Mdogo (Tokyo): Subirini nieleze vizuri. Leo tumekwenda watatu wa darasani mpaka Toyosu. Kuna makumbusho pale inaitwa teamLab Planets. Ni ya kundi la wasanii, wahandisi na waandika programu lililoanza hapa Tokyo mwaka 2001. Hakuna picha hata moja iliyotundikwa ukutani. Mlangoni unavua viatu na soksi, unaviweka kwenye kabati lenye ufunguo, bure, halafu unaingia peku.

Shangazi: Peku kama msikitini.

Da' Mdogo (Tokyo): Ndiyo Shangazi, na hata sauti za watu hushuka vilevile. Kwanza ni ujia wa giza wenye mteremko, maji yanakuteremkia miguuni, mbele unaona mwanga tu. Sehemu nyingine sakafu ni laini, mguu unazama kama kwenye godoro la sufi, huwezi kutembea ila kwa kuyumba. Halafu ndiyo unafika kwenye chumba cha maji.

Da' Mdogo (Tokyo): Maji yanafika magotini. Yana weupe hafifu, kama yale unayoosha mchele mara ya kwanza. Juu yake wanaogelea samaki, koi, wale wa rangi wanaofugwa kwenye madimbwi ya Kijapani. Lakini ni samaki wa mwanga, wanatupwa na projekta kutoka juu. Wanakuja kundi zima, wanakukwepa, wanapita katikati ya miguu. Samaki akikugonga, anapasuka na kuwa ua.

Mpwa: Bibi yuko hapa nimemsomea. Anasema: "Ule ua unakwenda wapi?"

Da' Mdogo (Tokyo): Shikamoo Bibi. Unatawanyika juu ya maji, petali moja moja, kisha unafifia. Na maua hufuata majira ya mwaka. Majira ya machipuko ni maua ya mcheri, joto likija ni alizeti.

Mpwa: Anasema marahaba. Anauliza kesho wakienda wengine wataona hayo hayo?

Da' Mdogo (Tokyo): Hapana Bibi. Si filamu inayochezwa ikiisha ikarudiwa. Kompyuta inachora palepale, kwa kufuata watu walioko majini dakika ile. Walivyopita leo hawatapita hivyo tena.

Kaka Mkubwa: Toyosu si ndiko kwenye lile soko kubwa la samaki?

Da' Mdogo (Tokyo): Ndiko, lilihama kutoka Tsukiji Oktoba 2018. Unashuka kituo cha Shin-Toyosu kwa makumbusho, kituo kimoja mbele ndiyo soko.

Mpwa: Bibi anasema basi samaki wa Deep Sea, soko letu la hapa Tanga, hawajui mwanga, wanajua mafuta tu.

Mama: Tumefurahi, lakini simu je? Iweke kwenye mchele haraka. Funika kabisa.

Shangazi: Mchele, ndiyo. Ya kwangu ilipoanguka kwenye ndoo nililaza humo siku mbili ikapona.

Da' Mdogo (Tokyo): Mama, Shangazi, naomba mniwie radhi, mchele hapana. Nilitaka kufanya hivyo hivyo, mwenzangu wa uhandisi akanizuia. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya simu. Ile ya Shangazi ilipona kwa sababu ilizimwa na kupumzishwa siku mbili. Tena vumbi la mchele na vipande vidogo huingia pale pa kuchomekea chaji vikaganda. Hata baadhi ya watengenezaji wa simu wameandika kwenye maelekezo yao kwamba usiweke kwenye mchele.

Mama: Sasa unafanyaje?

Da' Mdogo (Tokyo): Nimeizima mara moja. Nimeitoa kwenye kava, nimetoa laini, nimeifuta kwa kitambaa kikavu. Nikaishika tundu la chaji likiangalia chini, nikaigonga polepole kwenye kiganja, maji yakatoka. Sasa imesimama mbele ya feni, tundu chini. Siichomeki mpaka Jumatatu. Joto pia hapana, si kikausha nywele, si juani, wala usichomeke pamba au njiti mle ndani.

Kaka Mkubwa: Hii naihifadhi. Wiki iliyopita nilimwambia fundi mwanafunzi aweke ya kwake juu ya jiko la mkaa.

Shangazi: Haya, nimekubali. Lakini mchele umenikumbusha, gunia langu la Kyela limeingia fukusi. Nimeanika juani, wametoka, wamerudi.

Mama: Wamerudi kwa sababu mayai yamebaki ndani ya punje. Gawanya mifuko ya kilo mbili mbili, funga, ingiza kwenye friza siku nne. Ikitoka, iache ifikie joto la chumba kabla hujafungua mfuko, la sivyo mchele utaloa jasho na kuota ukungu. Kisha ndoo yenye mfuniko wa kukaza, tia pilipili kavu nzima nzima. Pilipili haiui, inawachukiza tu. Kinachoua ni ule ubaridi.

Shangazi: Friza yangu imejaa dagaa.

Mama: Nitakuwekea kwangu. Lete kesho.

Mjomba (Makete): Nimechelewa, nilikuwa shambani. Binti, hongera kwa matembezi. Huko ndani kuna maji tu?

Da' Mdogo (Tokyo): Marahaba... samahani Mjomba, shikamoo! Vidole vimenitangulia. Kuna na bustani, na hii ni ya maua ya kweli, yaliyo hai. Okidi zaidi ya 13,000 zimening'inizwa kuanzia sakafuni hadi juu. Ukiingia unaona ukuta wa maua, hakuna pa kupita. Ukisogea, maua ya mbele yako yanapanda juu taratibu, yanakuachia nafasi ya mtu mmoja. Ukipita, yanashuka nyuma yako. Unajikuta umekaa ndani ya maua, yamekuzunguka, na harufu yake. Ilifunguliwa mwaka 2021.

Mjomba (Makete): Marahaba binti. Okidi 13,000! Basi wamejaribu kufanya Kitulo ndani ya nyumba. Mimi naishi jirani na Kitulo. Mvua zikishashika, kule juu ni maua matupu hadi macho yanachoka, okidi za aina zaidi ya 40 zinaota zenyewe ardhini. Watu wa huku wanaiita Bustani ya Mungu. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na moja ya sababu ni hizo okidi zenyewe. Watu walikuwa wanachimba viazi vyake na kuvivusha Zambia, kule vinapikwa chakula kinachoitwa chikanda.

Da' Mdogo (Tokyo): Mjomba, nilisimama mle ndani nikawa nafikiria kwetu kuna kitu kama hiki, sikukumbuka ni wapi. Ni Kitulo! Ulituonyesha picha nikiwa darasa la sita.

Mjomba (Makete): Ndiyo. Ukirudi, Januari au Februari, nakupeleka.

Shangazi: Mimi ninayo okidi moja tu, zawadi ya harusi ya mwanangu, na hiyo moja inakufa. Namwagilia kila siku asubuhi na jioni.

Mjomba (Makete): Unaizamisha shemeji. Hizi za madukani kwa asili hukaa juu ya miti, si kwenye udongo. Mizizi yake inataka hewa. Itoe kwenye udongo, kata mizizi iliyolainika na kuwa ya kahawia, bakisha migumu. Chukua makumbi ya nazi, huko Tanga hayanunuliwi, yachemshe, yakaushe, yachanechane, panda humo kwenye chungu chenye matundu. Halafu itazame mizizi yenyewe. Ikiwa ya kijani ina maji, iache. Ikigeuka rangi ya majivu ina kiu, ndiyo umwagilie, maji yapite yote yatoke chini.

Shangazi: Kumbe mwaka mzima inanionyesha nami simwelewi mgonjwa wangu.

Da' Mdogo (Tokyo): Na hizi za kule zimetundikwa hewani, hakuna udongo kabisa, mizizi iko wazi unaiona. Nikiangalia kwa karibu niliona ina rangi hiyo hiyo ya majivu ncha ikiwa kijani.

Kaka Mkubwa: Watu ni wengi huko au ni wageni wachache?

Da' Mdogo (Tokyo): Wengi mno. Kati ya Aprili 2023 na Machi 2024 waliingia watu zaidi ya milioni 2.5, makumbusho ikaandikwa kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Tiketi unakata mapema kwa saa maalumu. Na mwanamke avae suruali inayokunjika, kwa sababu vyumba vingine sakafu ni kioo cha kujitazamia. Ukija na sketi wanakuazima kaptula bila malipo.

Da' Mdogo (Tokyo): Lakini hilo la wingi wa watu ndilo nililotaka kuwaambia tangu mwanzo, simu imenitoa njiani.

Da' Mdogo (Tokyo): Mnajua tangu nifike huku najiona niko njiani mwa watu. Kwenye treni begi langu linazuia mtu. Dukani sijui foleni inaanzia wapi, nasimama pasipo. Makumbusho ya kawaida nayo ni hivyo hivyo, kila mmoja anasubiri mwenzake ampishe aone picha. Pale majini nikasimama ukutani nisimzibie mtu. Akaja mtoto wa kama miaka mitano na suruali ya njano iliyokunjwa mpaka mapajani. Akanionyesha kidole miguuni. Nilikuwa nimesimama njiani kwa samaki, wote wananigonga, nimezungukwa na maua. Yeye alikuja kuyaona yangu. Wale wasanii wanasema hivyo wenyewe, kwamba walitaka kuwepo kwa mwenzako kuwe kitu kizuri machoni pako. Bila mguu wa mtu samaki anapita tu. Nilisimama pale nikalia kidogo, ndipo simu ikateleza.

Mama: Mwanangu.

Shangazi: Pole mwanangu. Hauko njiani mwa mtu.

Mpwa: Bibi kanyamaza. Kaniomba nimsomee tena.

Mpwa: Bibi anasema: "Mwambie kwetu mgeni ndiye anayeleta samaki nyumbani."

Da' Mdogo (Tokyo): Asante Bibi.

Mama: Na hiyo suruali umeikausha? Usilale chumba kimoja na nguo mbichi.

Da' Mdogo (Tokyo): Taulo walitupatia pale pale tulipotoka majini, miguu mikavu. Suruali ndiyo ililoa mpaka juu ya goti, nilikunja vibaya. Na huku ni msimu wa mvua, haianiki nje. Jirani yangu mzee amenifundisha njia. Unaitandaza nguo juu ya taulo kavu, unaviringisha pamoja kama mkeka, unakanyaga kanyaga. Taulo linakunywa maji. Halafu unaigeuza nje ndani, unaitundika kwa kiuno ikiwa wazi kama pipa, feni chini inapuliza kwenda juu. Na nguo zikiwa nyingi, ndefu unaweka mwisho huku na huku, fupi katikati, hewa inapita kama chini ya tao la daraja.

Shangazi: Hiyo ya kukanyaga nitaijaribu masika. Mataulo yangu yana uvundo hata nikifua mara tatu. Natia jiki, natia na siki, wapi.

Mama: Wifi! Usichanganye jiki na siki! Hata siku moja. Inatoa gesi inayochoma mapafu, watu wamezimia bafuni.

Mjomba (Makete): Kweli kabisa shemeji, ni gesi ya klorini. Na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya choo.

Shangazi: Lo! Ndiyo maana nilikohoa. Nilidhani ni vumbi.

Mama: Fungua madirisha leo yote. Kwa uvundo chukua siki peke yake, kikombe kimoja kwenye ndoo ya maji ya moto, loweka saa moja, suuza vizuri kisha ndiyo ufue kwa sabuni. Wala usitie ile dawa ya kulainisha nguo kwenye taulo, inaganda, taulo halinywi maji tena. Na lisikunjwe likiwa na unyevu.

Shangazi: Nimefungua. Chupa ya jiki nimeitoa nje, siki imebaki jikoni.

Mama: Ziishi mbalimbali hivyo hivyo.

Kaka Mkubwa: Da' Mdogo, mbona huko kwako ni usiku, hulali?

Da' Mdogo (Tokyo): Ni saa mbili usiku tu. Na mmewahi kuona hili? Saa yangu ya ukutani inasoma 8. Huko kwenu ni saa nane. Tofauti ni saa sita, kwa hiyo akrabu ya Tokyo ikisomwa ilivyo ndiyo saa ya Tanga ya Kiswahili. Kila nikiitazama najua Bibi anafanya nini.

Mpwa: Bibi anasema sasa hivi anakunywa chai, andika.

Da' Mdogo (Tokyo): Nimeandika.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu jioni

Da' Mdogo (Tokyo): Imewaka! Nimeichomeka sasa hivi kwa mara ya kwanza, inachaji. Spika inakwaruza kidogo, lakini picha zote zipo.

Mama: Alhamdulillah.

Shangazi: Na mimi okidi iko kwenye makumbi. Mizizi mizuri imebaki minne.

Mjomba (Makete): Minne inatosha.

Da' Mdogo (Tokyo): Natuma video. Ni sekunde 40, kabla haijaanguka.

Mpwa: Bibi ameitazama mara nne. Amenizuia nisiiguse. Amehesabu maua saba mguuni pako, anasema kuna la nane limekwenda upande wa mtoto wa suruali ya njano.

Da' Mdogo (Tokyo): Ndilo hilo Bibi. Lile lilikuwa lake.