Nilinyimwa kura ya mchujo kwa sababu ya chama nisichowahi kujiunga nacho

Wakenya wenzangu, mimi ni mpiga kura niliyesajiliwa tangu 2013, lakini Aprili 2022, siku ya mchujo (uchaguzi wa ndani wa kuteua wagombea) wa chama ambacho eneo letu ni ngome yake, nilirudishwa mlangoni kama mgeni. Karani aliteremsha rula jina kwa jina kwenye orodha iliyobanwa kwa pini, akafika chini, akarudi juu, kisha akanirudishia kitambulisho bila hata kunitazama: "Mzee, wewe ni wa chama kingine."

Chama hicho kingine sijawahi kuhudhuria hata mkutano wake mmoja. Mwaka uliotangulia, kama Wakenya wengi waliojikuta katika hali hiyo, niliangalia mtandaoni nikakuta nimeandikishwa humo bila kuulizwa, nikalazimika kuandika barua ya kujiuzulu katika chama ambacho sikukiomba (kejeli iliyoje!), nikaamini yamekwisha. Kumbe barua yangu ililala.

Sina ugomvi na sheria yenyewe. Marekebisho ya Januari 2022 yanasema kwamba mchujo wa moja kwa moja ni wa wanachama waliomo katika sajili iliyoidhinishwa na Msajili wa Vyama vya Kisiasa, kwa hiyo kuwemo katika daftari la wapiga kura la IEBC, tume ya uchaguzi, pekee hakutoshi. Na chama kikichagua njia ya wajumbe, mwanachama wa kawaida debe halioni kabisa. Vilevile hakuna ruhusa ya kuwa katika vyama viwili kwa wakati mmoja. Haya yote nayakubali, ila yanasimama juu ya dhana kwamba sajili hiyo tuliijaza wenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika chumba kingine cha kupigia kura kituoni hapo, jirani yangu alipiga kura kwa kuonyesha kitambulisho tu. IEBC haikuwapo, kwani huendesha mchujo pale tu chama kinapoiomba. Msimamizi wa chama alinielekeza kwa jopo la mizozo ya vyama, ilhali alijua vyema kwamba mshindi angetangazwa kabla sijapata hata nauli ya kufika huko. Na kwetu, mchujo ukishaamuliwa, kura ya Agosti ya uchaguzi mkuu huwa ya kukamilisha ratiba.

Kujiunga na chama kunahitaji namba ya kitambulisho na sahihi. Namba ni yangu. Kabla ya mchujo wa 2027, nataka nionyeshwe hiyo sahihi.