Nikijitazama naishia kujisuta. Nakosea wapi?

Kalamu_Butu:
Wakuu, habari za jioni. Hii ni wiki ya tano najaribu kujitazama bila kujihukumu. Kila jioni nakaa dakika kumi nikifuata pumzi, kisha naandika daftarini mambo matatu yaliyonipitia moyoni siku hiyo. Mwanzoni niliona raha. Juzi nikarudia kurasa za nyuma nikashtuka, maana zinasomeka kama hati ya mashtaka. "Nimemkatiza mwenzangu maneno tena, sina adabu." "Nimeahirisha ile ripoti, mimi mvivu wa kutupwa." "Nimekaa dakika kumi, tisa nimewaza upuuzi."

Kibaya zaidi, nikigundua nimejihukumu, najihukumu kwa kujihukumu. Jana niliandika: "Hata hili limenishinda." Nikacheka peke yangu, kicheko cha uchungu.

Halafu kuna jambo linanitatiza. Nafsi isiponisuta, nitabadilika vipi?

Mzee_wa_Dirishani:
Ndugu yangu, usichome hilo daftari, lina mali ndani yake. Chukua sentensi yako ya kwanza. "Nimemkatiza mwenzangu maneno" ni tukio, yeyote aliyekuwepo angeliona. "Sina adabu" ni hukumu, na hiyo hakuna aliyeiona ila wewe. Usiifute. Chora mstari kati ya hizo mbili, basi. Hukumu nayo ni kitu kilichopita kichwani, inatazamwa kama vingine.

Ukijilazimisha usihukumu utaumia. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe. Wakawa wanamuwaza kila mara, na waliporuhusiwa baadaye wakamuwaza zaidi ya wale ambao hawakukatazwa kwanza. Hakimu wako ndiye huyo dubu.

Mimi kilichonisaidia ni lugha yetu wenyewe. Sikiliza tunavyosema: hasira zimenipanda, wivu umenishika, hofu imeniingia. Hisia ndiyo inayotenda, mimi ni mahali ilipofikia. Lakini tukianza kujisuta sarufi inageuka ghafla: mimi mvivu, mimi mjinga. Siku nilipoling'amua hilo nilianza kuandika "uvivu umenishika baada ya chakula cha mchana, mabega mazito, macho yanakimbilia simu". Mvivu hana la kutazamwa, ameshahukumiwa. Uvivu ulionishika una saa yake, una mahali pake mwilini, na una mwisho.

Mfano wa wiki hii. Nilimwandikia binti yangu ujumbe, nikaona umesomwa, kimya. Masikio yakapata moto, taya zikakaza, sauti ndani ikasema: hakuheshimu. Nikaandika vyote vitatu kwa mpangilio huohuo. Kufika jioni akapiga simu, kumbe aliyefungua ujumbe ni mjukuu wangu aliyekuwa anachezea simu. (Lakini hata kama angekuwa amenipuuza kweli, masikio yangekuwa na moto uleule. Moto wa masikio ndio niliokuwa nautazama, si binti.)

Kuhusu zile dakika tisa za upuuzi, je, uligundua kwamba umewaza upuuzi? Basi ulikuwa unatazama. Unaporudi kwenye pumzi mara ishirini umefanya zoezi mara ishirini.

Swali_Jingine:
Mzee kalipita kidogo lile la kubadilika, nalo mimi ndilo lililonisumbua miaka. Nilidhani nikijionea huruma nitalala usingizi wa pono. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, uliotoka 2010: wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza, walipunguza kuahirisha walipojiandaa kwa uliofuata. Kwangu mimi inaeleweka. Ile ripoti ukishaifungamanisha na matusi, kila ukiifungua unakutana na matusi kwanza. Nani hatakimbia?

Kosa unalikubali kama lilivyo, na mwenzako unamwomba radhi. Kujitukana si sehemu ya kuomba radhi.

Taratibu_tu:
Nyongeza fupi. Kama kuna jambo zito lililokupata huko nyuma, kufumba macho na kuingia ndani kunaweza kuliamsha. Mimi kumbukumbu zilinivaa mpaka nikatetemeka. Sasa nakaa macho wazi, nasikia nyayo zangu zinavyogusa sakafu, nasikiliza sauti za nje. Dakika tatu zinanitosha. Yakikuzidi, acha siku hiyo, na mtafute mshauri nasaha. Usione haya.

Kalamu_Butu:
Asanteni sana. Taratibu_tu, pole kwa uliyopitia. Kwangu bado ni mambo madogomadogo, ila nimekusikia.

Nimejaribu leo. Ukurasa unasema hivi: "Saa tatu usiku. Nimesoma majibu. Aibu imenipanda shingoni, joto, nikameza mate." Mstari. "Hakimu: ulipaswa kuyajua haya mwenyewe." Ripoti nimeifungua, nimeandika aya moja, nikafunga.

Mzee, shikamoo, na swali dogo: huo mstari unauchora kwa rula au kwa mkono tu? Nimeuchora mara tatu leo kwa sababu ulipinda, ndipo nikamsikia tena yule bwana.

Mzee_wa_Dirishani:
Marahaba. Kwa mkono. Wangu wote umepinda.