Risiva ya muziki inapotea kwenye simu na sauti inakatika (nyumba yenye ruta mbili, Njiro)

Mwananjiro

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa anayeifahamu mitandao ya nyumbani.

Nina risiva ya muziki (amplifaya ya spika, si king'amuzi) yenye AirPlay, DLNA na Spotify Connect (njia tatu za kuchezea muziki kupitia mtandao). Nyumba iko Njiro, Arusha, kuta za bloku, haina ghorofa. Ruta ya 4G iko dirishani chumbani kwa sababu ndiko laini inakoshika vizuri. Kutoka pale kebo imevutwa hadi ruta ya pili sebuleni, imechomekwa kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti). Ruta zote mbili zina jina moja la waifai na nywila moja. Risiva inatumia waifai na imekaa ndani ya kabati la TV. Simu za nyumbani ni iPhone moja na Android moja.

Kwanza, mara simu zinaiona risiva, mara haziioni kabisa, hasa ukitoka chumbani kuja sebuleni. Pili, ikionekana, mchana muziki unacheza vizuri, ila kuanzia saa moja usiku sauti inakatikakatika. Bando lipo, na kipimo cha kasi kinasoma 20 Mbps hata wakati sauti inakatika.

Anwani ya IP ya simu chumbani ni 192.168.1.104, sebuleni ni 192.168.0.101. Risiva inaonyesha 192.168.0.103. Nibadilishe ruta, nitafute intaneti yenye kasi zaidi, au risiva ndiyo mbovu?

Fundi_Sakina

Mkuu, usinunue chochote kwanza. Hizo anwani tatu ulizoandika zimeshajibu swali lako la kwanza: una mitandao miwili ndani ya nyumba moja. 192.168.1.x ni ya ruta ya 4G, 192.168.0.x ni ya ruta ya sebuleni.

Simu huitafuta risiva kwa kupiga mbiu kwenye mtandao mzima. AirPlay na Spotify Connect hutumia mDNS (224.0.0.251, poti 5353), DLNA hutumia SSDP (239.255.255.250, poti 1900). Mbiu hiyo haivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Simu nazo hazipendi kuachia waifai ambayo bado inashika hata kidogo, kwa hiyo unafika sebuleni ukiwa bado umeunganishwa na ruta ya chumbani. Jina likiwa moja, huwezi kujua.

Ruta ya sebuleni inatakiwa iache kugawa anwani na ibaki kusambaza waifai tu. Ikiwa kwenye menyu yake kuna "Access Point Mode", chagua hiyo, hifadhi, umemaliza. Kebo inaweza kubaki ilipo. Kama haipo, fuata mpangilio huu hivi hivi ulivyo:

1. Ingia 192.168.0.1 kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta ya sebuleni. Badilisha anwani yake ya LAN (mtandao wa ndani) iwe 192.168.1.2. Hakikisha namba hiyo haimo kwenye zile ambazo ruta ya 4G inagawa (mara nyingi ni 100 hadi 200, lakini angalia).
2. Itajiwasha upya. Ingia tena kwa 192.168.1.2, zima DHCP (kazi ya kugawa anwani).
3. Hamisha kebo kutoka tundu la WAN, ichomeke kwenye tundu lolote la LAN.

Ukizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, kompyuta inaweza kukosa anwani na ukafungiwa nje. Ikitokea, ipe kompyuta anwani ya mkono 192.168.0.50 na kinyago (subnet mask) 255.255.255.0, utaingia.

Baada ya hapo chomoa risiva kwenye umeme na uirudishe, la sivyo itaendelea kung'ang'ania anwani ya zamani. Kwenye menyu yake ya mtandao namba lazima ianze na 192.168.1. Simu pia, pembe yoyote ya nyumba.

Hakikisha ruta zote mbili hazijawasha "AP Isolation", na risiva haiko kwenye waifai ya wageni. Vyote viwili hukata mawasiliano ya kifaa kwa kifaa hata kama intaneti inafanya kazi. VPN kwenye simu nayo huleta matokeo hayohayo.

KeboKwanza

Fundi kamaliza la kwanza. La sauti kukatika ni jambo jingine, na intaneti haihusiki. Muziki wa CD usiobanwa ni biti 16 × 44,100 × chaneli 2, yaani kama 1.4 Mbps. Kwa 20 Mbps una akiba kubwa. Kinachokuumiza ni hewa ya ndani ya nyumba, yaani msongamano wa waifai.

Fuatilia safari ya wimbo. Ukitumia AirPlay, sauti inatoka kwenye simu kwenda ruta kupitia hewani, kisha ruta kwenda risiva, tena hewani, kwenye chaneli ileile. Kila pakiti (kipande cha data) inapita mara mbili. Saa moja usiku majirani wamerudi, kila nyumba imewasha waifai yake, na masafa ya 2.4 GHz yanajaa. Pakiti zinagongana, zinarudiwa, akiba ndogo ya sauti iliyomo kwenye risiva inakwisha, unasikia ukimya. Kipimo cha kasi hakioni hilo kwa sababu kinapima wastani wa sekunde kadhaa. Sauti inataka kila pakiti ifike kwa wakati wake.

Kuthibitisha, cheza wimbo kwa Spotify Connect. Hapo risiva inavuta wimbo yenyewe kutoka intaneti, simu inabaki kuwa rimoti tu. Ikiwa Connect inatulia wakati AirPlay inakatika, mzigo wa njia ya simu ndio tatizo. Zikikatika zote mbili, kiungo cha risiva na ruta ni kibovu. Kisha kwenye Command Prompt ya Windows andika ping -n 200 ikifuatiwa na IP ya risiva, saa mbili usiku; inatuma pakiti 200 na kupima majibu. Ndani ya nyumba hakuna sababu ya kupoteza pakiti hata moja. Majibu yakiruka kutoka 5 ms hadi 300 ms na kurudi, ni hewa.

Dawa ya kweli ni kebo kati ya risiva na ruta ya sebuleni. Kwa mita 2 hadi 5 nunua iliyofungwa tayari ya Cat5e. Ukilazimika kuvuta ndefu, chukua ya shaba tupu. Zile za alumini iliyopakwa shaba hukatika kirahisi kwenye plagi. Mpangilio wa rangi za nyaya uwe T568B, ncha zote mbili sawa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kosa linalojirudia ni kuweka kijani pamoja na nyeupe-kijani kwenye namba 3 na 4. Kipima waya cha taa kitasema iko sawa, lakini jozi imevunjwa na pakiti zitapotea.

Usipoweza kuvuta kebo, itoe risiva kabatini. Bodi yake ni ya chuma, TV nayo iko mbele yake, antena haina pa kupumulia. Pima kwa simu nguvu ya waifai mahali risiva ilipo: -60 dBm ni nzuri, chini ya -75 usitegemee. Kwenye 2.4 GHz weka upana wa 20 MHz na uchague chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wanasikika kidogo zaidi. Upana wa 40 MHz unakula sehemu kubwa ya masafa na kukugonganisha na kila mtu. Risiva ikikubali 5 GHz, tumia chaneli 36 hadi 48. Kuanzia 52 hadi 144 ruta inalazimika kusikiliza rada, na ikidhani imeisikia inahama chaneli katikati ya wimbo.

Mwananjiro

Shukrani sana wakuu. Ruta ya sebuleni haikuwa na hiyo modi, nimefuata hatua tatu za Fundi. Risiva iko kwenye kebo, ping ya usiku haijapoteza pakiti, sauti imetulia kabisa.

Limebaki moja. Programu ya DLNA kwenye Android inaiona risiva ikiwashwa tu, halafu baada ya kama dakika nne inapotea. iPhone bado inaiona kwa AirPlay. Nikizima risiva na kuwasha, inarudi.

MoshiMjini

Hiyo ni IGMP snooping kwenye ruta ya sebuleni, yaani ruta kupeleka mbiu kwa vifaa vilivyoziomba tu. Risiva ikiwaka inatangaza kwamba inataka mbiu za 239.255.255.250, ruta inaandika. Lazima kuwe na kifaa kinachouliza kila sekunde 125, "nani bado anataka?" Asipokuwepo wa kuuliza, uandikishaji unakwisha baada ya sekunde 260 (125 mara mbili, jumlisha 10) na mbiu haipelekwi tena kwenye tundu la risiva. Ndizo dakika nne zako. AirPlay imesalimika kwa sababu anwani za 224.0.0.x hutakiwa kupitishwa kwa wote bila kuchujwa.

Zima "IGMP Snooping" kwenye ruta ya sebuleni. Kwa nyumba yenye vifaa vichache hupotezi chochote.

Fundi_Sakina

Nyongeza ya umeme kukatika. Ukirudi, risiva inaweza kuwaka kabla ruta ya 4G haijawa tayari, ikajipa anwani ya 169.254 na ikakaa hapo. Iwekee anwani ya mkono: 192.168.1.50, kinyago 255.255.255.0, geti (gateway) na DNS zote 192.168.1.1, mradi 50 iko nje ya namba zinazogawiwa. Washa pia "Network Standby" ili ionekane hata ikiwa imezimwa kwa rimoti.

UPS ndogo (betri ya akiba) kwa ruta zote mbili ni wazo zuri, ila soma lebo za adapta kabla ya kwenda dukani. Ruta nyingi ni 12 V, lakini zipo za 9 V na 5 V, na ampea za UPS zisiwe chini ya zilizoandikwa kwenye adapta.