Mrejesho: Kosa lilikuwa kwenye saa, si kwenye hesabu

Nilipouliza kwa nini vinasa sauti vyangu vinne, nilivyovitega kwenye pembe za mraba wenye upande wa mita 40, vilimweka ndege aimbaye mbali na mti niliomwona ametua, nilidhani kosa limo katika hesabu, ile inayotafuta mahali alipo ndege kwa kulinganisha nyakati ambazo mlio wake ulivifikia vinasa. Walionishauri nichunguze saa kwanza walikuwa sahihi, nami nawashukuru.

Kila kinasa kilifuata saa yake chenyewe, na saa inayokosea kwa sehemu 20 tu katika milioni hupotoka milisekunde 72 kila baada ya dakika 60. Kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewani kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, upotovu huo ni sawa na mita 25 hivi, yaani zaidi ya nusu ya upande wa mraba wangu. Sasa natumia vinasa vinavyosahihisha saa zao kwa ishara za GPS, na kabla ya kurekodi hucheza mlio kwa spika iliyowekwa mahali ninapopajua, ili nipime kosa lililobaki. Sasa hesabu humweka ndege aliye ndani ya mraba kwenye mti wake au wa jirani.

Bado kimo kinanisumbua. Maikrofoni zote zikiwa sawa kwa urefu, ndege wa kileleni na wa kichakani hutoa tofauti za muda zinazokaribiana mno, kwa hiyo nitapandisha moja mtini. Kwa ndege aliye nje ya mraba, nauamini mwelekeo tu, umbali siuamini.