Hii winmail.dat ni mdudu gani? Ofisi nzima imeshindwa kunitumia PDF moja!

Wakuu naandika hapa kichwa kinachemka. Wiki ya pili hii nasubiri LPO (ile hati ya oda) ya meza na viti kutoka ofisi moja hapa Dar, kila wakituma imeili nikifungua nakuta kiambatanisho kinaitwa winmail.dat, PDF hakuna. Nampigia dada wa manunuzi ananijibu "kaka mbona wengine wanafungua, hebu angalia simu yako". Simu yangu tena! Nimejaribu kwenye simu, nimejaribu kwenye laptopu ya shemeji, nikaenda mpaka stesheneri, kijana wa pale akajifanya fundi akabadilisha jina ikawa lpo.pdf, haikufunguka na buku langu akachukua.

Ikabidi usiku nichimbe mwenyewe. Kumbe Outlook, ile programu ya imeili ya Microsoft, ya yule dada imesetiwa itume kwa mtindo wa Rich Text, sasa badala ya kubandika PDF kama ilivyo inaifungasha pamoja na mafonti na mapambo ya imeili kwenye kifurushi cha Microsoft kinaitwa TNEF, na kifurushi hicho programu nyingi za imeili hazikijui, Outlook ndo inakielewa. Hao "wengine wanafungua" ni wenzake wa meza ya pili, wote wako kwenye Outlook!! Na yule kijana wa stesheneri hata angebadilisha jina mara mia, PDF imo ndani ya gunia, kuandika PDF juu ya gunia si kulifungua.

Nikampigia tena nikamwelekeza kwa upole kabisa, dada ingia File, Options, Mail, pale kwenye mtindo wa kuandikia toa Rich Text weka HTML, ukishuka chini kuna sehemu ya ujumbe wa Rich Text unaokwenda nje, napo chagua ugeuzwe HTML. Dakika mbili tu. Akasema hayo mambo ya IT. IT wakanipigia, unajua walisemaje? Eti nipunguze imeili, inbox yangu imejaa. Jamani, inbox ingejaa si imeili nzima ingewarudia wenyewe? Mimi imeili napata, kilichoharibika ni mzigo na umeharibikia kwao.

Mwisho nikashusha kiprogramu cha bure cha kufungua hizo winmail.dat, nikaitoa LPO yangu, nzima kabisa haina tatizo. Naisoma, mwisho wa kupeleka mzigo ilikuwa Ijumaa iliyopita.

Leo asubuhi wameandika tena, nadhani wanauliza mbona kimya au wameongeza muda, sijui, maana maelezo yenyewe wameyaweka kwenye kiambatanisho na kiambatanisho ni winmail.dat. Mwenye ndugu IT kwenye maofisi haya amwambie basi, mimi simu yao sipigi tena.