Nimeweka AK mpya kwenye CS 1.6 lakini bado naona ile ya zamani

kijana_wa_moro
Wakuu habari za jioni. Nacheza Counter-Strike 1.6 ya Steam kwenye laptopu ya kizamani, na wikendi huwa tunaunganisha waya na majirani, tunapigana kwenye ramani ya de_dust2 mpaka usiku. Nimepakua AK-47 moja kali kutoka tovuti ya GameBanana, mtutu wa kutu, kitako cha mbao iliyochakaa. Maelekezo niliyopata yanasema niingie SteamApps, kisha folda yenye jina la akaunti yangu, kisha counter-strike. Folda hiyo sina, nikaitengeneza mwenyewe na kubandika humo. Nafungua mchezo, AK ni ile ile. Halafu ikikubali, wenzangu wataiona? Nataka niwatambie.

fundi_konsoli
Mkuu, maelekezo hayo ya kale. Tangu 2013 Valve, wenye mchezo huu, walipohamisha faili, njia ni steamapps, common, Half-Life, cstrike. Hiyo folda uliyojitengenezea mchezo hauna habari nayo, ifute.

Ndani ya cstrike kuna models, folda ya modeli, yaani maumbo ya silaha na wachezaji. Kwenye zipu yako utakuta v_ak47.mdl, ambayo ndiyo unayoiona mikononi mwako; pengine na p_ak47.mdl, ile wanayoshika wachezaji wengine, na w_ak47.mdl, iliyolala chini. Majina yawe hayo hayo, herufi kwa herufi. Kuna waundaji wanaoipa faili jina la mbwembwe, hapo libadilishe mwenyewe. Na usibandike folda nzima, utapata models ndani ya models. Hilo nimelikuta sana kwenye chumba cha gemu nilichokuwa nasimamia Tanga, kuliko hata virusi.

Mimi sigusi faili za asili. Natengeneza folda cstrike_addon pembeni ya cstrike, ndani yake models, naweka humo, kisha naruhusu maudhui ya nyongeza kwenye mipangilio ya mchezo. Nikiichoka nafuta, yamekwisha.

Kutamba sahau. Skini, yaani sura hiyo mpya ya bunduki, inaishi kwenye mashine yako tu. Ukibadilisha p_ak47 utamwona kila mwenye AK amebeba kutu, hata adui, na mwenyewe hana habari. Wakitaka nao waione, wape faili kwenye flashi.

bi_headshot
Niongezee. Seva nyingine hukagua faili kwa mpangilio wa mp_consistency, na ukiwa na modeli tofauti na yake inakutoa nje kabla hujanunua hata risasi. Zinazokaguliwa zaidi ni za wachezaji wenyewe, zile za models/player, maana watu walikuwa wanampaka adui rangi ya kung'aa aonekane gizani. Huo ni wizi, msibishe. VAC yenyewe, mlinzi wa Valve dhidi ya wadanganyifu, inawinda programu za udanganyifu, AK ya kutu haina shida nayo.

Jambo jingine, usichukue AK nzuri ukaiita v_m4a1.mdl. M4A1 ina mienendo ya kufunga na kufungua kiwambo cha sauti, AK haina. Mchezo unaita mwendo kwa namba yake, kwa hiyo utabonyeza kupakia risasi mkono ufanye vituko.

kijana_wa_moro
Imekubali! Asanteni sana, dada na fundi. Ila sasa bunduki iko mkono wa kushoto, na mlio bado ule wa zamani.

fundi_konsoli
Mlio hauko ndani ya modeli. Ingia sound, kisha weapons, utaona ak47-1.wav na ak47-2.wav, badilisha zote mbili, la sivyo bunduki itakuwa na sauti mbili tofauti. Sauti za kutoa na kuingiza magazini ni faili zake nyingine, kama zipu yako haina, ziache.

Mkono: modeli za asili za mchezo huu zilichorwa kushoto, mchezo ndio unazigeuza. Aliyechora yako ameichora kulia, ikageuzwa nayo. Fungua konsoli, lile dirisha la kuandika amri ndani ya mchezo, uandike cl_righthand 0, itarudi kulia, lakini zile za asili zitahamia kushoto. Rudi kwenye ukurasa ulikoipakua, mara nyingi mchoraji anaweka na toleo la upande wa pili. Kama hakuweka, itabidi uchague moja: AK peke yake kushoto, au ghala zima la silaha ulibadilishe.

kijana_wa_moro
Nabadilisha ghala zima. Nani ana bastola ya Deagle nzuri isiyong'aa kama disko?